Mlio wa Bamba

Mimi ni fundi rangi, na fundi rangi hupenda utulivu. Kwa hiyo mnielewe ninaposema kwamba kwa miaka kumi na sita nimepakana ukuta na mtu aliyenichosha. Tulimwita Masikio. Kazi yake ilikuwa ekzosi na turbo: kukata mabomba ya moshi, kuchomelea, kuyapa magari ya zamani nguvu ambazo kiwanda hakikuyapa. Jina hilo halikutokana na ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo hayakuwa haba. Gari likiwa bado kona ya pili, halijaonekana, alikuwa anakwambia gasketi ipi inavuja. Nilibishana naye mara mbili, na mara zote mbili niliumbuka.

Lakini kuna kitu kilikuwa kimemkaa. Katikati ya kazi angezima mashine na kuinua mkono.

"Unasikia?"

"Nasikia njaa," ningemjibu.

"Kuna bamba linalia."

Hakukuwa na bamba lolote linalolia. Angelizunguka kila gari, akigonga bati kwa kifundo cha kidole, kisha angerudi kazini jasho limemtoka. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye niliacha, kwa sababu na mimi nilijikuta nimetega sikio, na kutegea sikio sauti isiyokuwepo kunamfanya mtu ajione mjinga na kumtia woga kwa pamoja.

Halafu yalikuwepo yale mabamba yake ya kukinga joto. Kila gari lililotoka kwake lilikuwa na bamba zito kati ya bomba la moshi na chochote kinachoweza kuungua. Alilifunga kwa bolti sita pale ambapo tatu zingetosha, na juu ya kila nati akadondosha tone la weldi. Wateja walilalamika.

"Sasa hili tutalifungua vipi?"

"Halifunguliwi," angesema, na mjadala ukaishia hapo.

Alikuwa na mdogo wake aliyefariki. Hilo tulilijua sote. Gari lilimshinda kwenye mteremko mrefu unaoshuka kutoka machimbo ya mawe, akajibamiza ukutani. Gari lenyewe alikuwa amelitengeneza Masikio. Tuliambiwa ni mwendo kasi, na hakuna aliyeshangaa, maana marehemu alipenda kukanyaga mafuta. Aliacha mke na binti wa miaka kumi.

Binti huyo ndiye aliyekuja mwaka huu. Sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, fundi wa kuchonga vyuma, mwenye mikono inayojua kazi. Alikuja na gari la milango miwili lililotoka kiwandani kabla yeye hajazaliwa, aina ileile ya baba yake. Hata rangi ilikuwa ileile, na hilo nalisema kama mtu anayejua rangi. Masikio alipoliona likiingia uani aliweka spana chini polepole, akaketi juu ya tairi bovu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hilo gari umelitoa wapi?"

"Nimelinunua. Nataka ulifungie turbo, kama ile uliyomfungia baba."

"Ya nini?"

"Nataka nishuke nalo ule mteremko. Taratibu, kwa akili. Nifike chini, nigeuze, nirudi nyumbani. Nataka nijue kwamba hata yeye angeweza kurudi, akitaka." Alisema bila kulia, utadhani anasoma vipimo. "Mama anasema baba alilipenda gari kuliko sisi. Nimekua na maneno hayo."

Nilikuwa napiga mlango msasa. Niliacha. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia marehemu kwa niaba yake.

Wiki nzima walibishana juu ya vifaa. Masikio alimwekea turbo ndogo juu ya meza, akaizungusha kwa kidole.

"Chukua hii. Inaamka mapema. Ukigusa mafuta tu, iko nawe. Inaridhika na bomba la inchi mbili na nusu, na bomba hilo linapita mbali na kila kitu."

"Na ile kubwa?"

"Kubwa inalala. Unakanyaga, hamna kitu. Unakanyaga tena, hamna kitu. Halafu inakuja yote kwa mkupuo. Tena inataka bomba la inchi tatu."

"Baba alikuwa na la inchi tatu."

"Alikuwa nalo."

"Basi na mimi nataka hilohilo."

Ubishi kwao ni wa ukoo, ila safari hii mzee alishindwa. Nilidhani anamwogopea mwendo. Nilimwona akilipima bomba lile mara nne, akalikata, akalipima tena, na kila akilishika alilirudisha mezani kama linamuunguza. Nilimwambia kama anaumwa aende akapumzike. Akaokota tena futi.

Bomba la inchi tatu kwenye gari lile lilikuwa kama mtu mnene kwenye kiti cha mtoto. Linashuka kutoka kwenye turbo na kupita karibu kabisa na mpira unaopitisha mafuta ya breki, nafasi ya vidole viwili tu. Hapo katikati Masikio aliweka bamba lake. Weldi hakuweka, kwa kuwa Binti alitaka kwanza kuchukua vipimo vyake.

Waliliwasha saa tano asubuhi. Liliunguruma vizuri, hata mimi nisiyejali mambo hayo nilisogea kusikiliza. Kisha, chini ya mngurumo ule, ukaja mlio mwembamba wa bati linalotetemeka. Bamba lilikuwa linalia. Safari hii nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Binti alikunja uso. "Linanikera hili," akasema. Sikio nalo la ukoo. Aliokota spana, akainama. "Nalitoa kwa leo. Kesho nitalitafutia dawa."

Masikio alipiga ukelele. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia namna ile. Alimdaka mkono, spana ikaanguka, akakimbilia kuzima gari.

"Ndivyo nilivyosema mimi," akasema. "Maneno hayohayo."

"Ulimwambia nani?"

"Baba yako. Bamba lake lilikuwa linalia. Ningetoaje gari linalolia, mimi Masikio? Watu wangenicheka. Nikalitoa, nikamwambia kesho nitalitafutia dawa. Yeye akasema anazunguka kidogo tu. Lile bomba likauyeyusha mpira wa breki, mafuta yake yote yakamwagika." Alikuwa analitazama bati, si Binti. "Hakuwa na breki, mwanangu. Nilifika pale kabla ya watu. Niliuona mpira."

"Kwa hiyo hakuwa anakimbiza?"

"Ule mteremko, bila breki, nani asingekimbia?"

"Na mama alipokuuliza msibani?"

Masikio alijifuta uso kwa tambara lenye grisi. "Nilimwambia alikuwa anakimbiza."

Niseme kweli, nilitaka kumzaba kofi. Si kwa kulitoa bamba. Kukosea kila fundi anakosea, na mimi nimeshaharibu magari ya watu. Nilikasirika kwa sababu ya miaka kumi na sita ya kumwacha marehemu abebe lawama, huku yeye anatugongea bati na kutuuliza kama tunasikia.

"Nilimchukia," Binti akasema. "Nilipomaliza shule nilimchukia. Nilipopata kazi nilimchukia. Kumbe bure." Alijifuta mikono. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa mama. Utamwambia mwenyewe, mimi sikusemei. Na wewe fundi uje, umesikia."

"Ngoja ninawe."

"Twende hivyohivyo."

Mama yake Binti, shemeji wa Masikio, ni mshonaji. Tulimkuta chumbani mwake katikati ya sare za shule, chaki sikioni, kitambaa cha bluu kimejaa mapajani. Alimwona bintiye, akaniona mimi, kisha akamwona Masikio amesimama mlangoni na grisi usoni, akacheka. "Karibu, shemeji. Leo umejipaka poda?" Hakuna aliyecheka naye.

Masikio alisema akiwa palepale mlangoni. Alianza na inchi tatu, akaja kwenye bamba, akaja kwenye mpira, na mwisho msibani. Hakujitetea. Yule mama alisikiliza mkono wake ukiwa juu ya cherehani, na Masikio alipomaliza, nikatamani niwe nimebaki na rangi zangu.

"Kwa hiyo alikanyaga breki?" akauliza.

"Alikanyaga, shemeji. Nilimkuta mguu wake uko palepale, pedali imelala chini kabisa."

Alirudia maneno hayo kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akakusanya kile kitambaa, akakikumbatia kifuani.

"Basi alikuwa anataka kurudi nyumbani," akasema, na akamwomba Masikio aondoke.