Mkwe Wangu na Dakika Moja na Nusu

Mke wa kitinda mimba wangu anakumbuka kila kitu isipokuwa miwani yake. Nyumbani ukiazima sufuria yake kubwa, lazima upitepite jikoni umwambie, "Bado ninayo." Ukinyamaza, anahesabu umeiachia, anakuja kuichukua ampe jirani. Mimi nilinyamaza mara moja tu, wiki nzima nikapikia kwenye birika.

Ofisini kwao, wanakochora madaraja, analipwa kwa tabia hiyohiyo. Analea mashine iitwayo seva. Michoro yenyewe haikai humo. Imekatwa vipande na kutawanywa kwenye mashine nyingine nane, wanaziita maghala. Seva kazi yake ni kujua nani kashika mchoro gani, na kumpa anayeutaka ramani aende ghalani mwenyewe. Ila lazima uripoti, kama sufuria.

Siku moja nilimpelekea miwani aliyoisahau, nikamkuta kaikodolea macho saa. Seva ilikuwa imezimika na kuwaka tena, haikumbuki nani kashika nini. Akanieleza kwamba kwa dakika moja na nusu haipokei maombi mapya. Inawasubiri wa zamani waje wadai vyao. Kompyuta zote zilikuwa zimeshadai, isipokuwa ya mzee mchoraji, ile wanayoiita Kobe. Na Kobe ndiye aliyeshika mchoro wa daraja kubwa, kazi ya tangu asubuhi, haijafika ghalani bado.

Meneja naye akaingia. Ana wageni, anautaka mchoro huohuo, sasa hivi. Mkwe akamwomba asubiri: akifunguliwa yeye kwanza, Kobe atahesabiwa ameachia, na jasho la mzee litakwenda na maji. Meneja akasema kuna kitufe cha kukatisha huko kusubiri, na yeye anakijua. Akanyoosha kidole.

Nikajiweka mbele ya kitufe. Mwili wangu si haba.

"Mwanangu," nikamwambia, "unafanana sana na mtu aliyemezwa na jogoo wangu."

Kidole kikabaki hewani. "Kamezwa na nani, bibi?"

Nikamweleza kuwa jogoo yule alikuwa mrefu hata tukimwanikia nguo shingoni. Alimmeza mpima ardhi na kamba yake, na siku tatu tukamsikia mle tumboni akitaja vipimo, chumba na ukumbi. Meneja akasema haiwezekani. Nikamwambia hata mimi nilibisha, mpaka tulipookota kofia. Akauliza kofia ya rangi gani. Nikajua huyu nimeshamnasa.

"Kobe kadai," mkwe akasema nyuma yangu. Zilikuwa zimebaki sekunde nne.

Nikampisha. Mzee akahifadhi kazi yake, kisha meneja akafunguliwa. Mlangoni akageuka.

"Na huyo mpima ardhi, alitokaje?"

"Alisubiri zamu yake," nikamjibu.

Jioni ile mkwe alinipa sufuria kubwa. Sijaripoti hata siku moja, naye hajaniuliza. Jirani ndiye anayepikia kwenye birika.