Chai ya Karafuu Niliyompikia Mama Mkwe

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Naandika haya huku nainuka na kukaa, simu ikiita moyo unaruka, kwa sababu mama mkwe wangu bado amelazwa na aliyemfikisha pale ni mimi.

Nauza viungo Kariakoo. Wateja wakiniuliza karafuu zinasaidia nini, mdomo haufungi: jino, gesi, kikohozi. Kidogo kweli husaidia, hata mimi nakunywa. Tatizo, nilizoea kuitwa dokta mpaka nikaamini.

Mama mkwe alikuja kutoka Lindi kwa ajili ya kliniki ya moyo, akafikia kwetu Ilala. Akawa analalamika tumbo linajaa gesi. Jamani, nilifurahi! Kwa heshima ya ukweni hatuketi pamoja wala hatupigi soga, kila kitu kinapitia kwa mke wangu. Nikaona chai ndiyo itakayonisemea.

Nikachemsha karafuu kiganja kizima mpaka maji yakawa meusi. Chupa ya chai ikajaa asubuhi, ikajaa tena jioni, kila siku.

Mke wangu alinionya. "Baba Zuhura, Mama anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Tuulize kwanza kliniki."

"Tuulize nini? Karafuu si tunatia kwenye pilau?"

"Kwenye pilau unatia kiganja kizima?"

Nikamnunia. Ningeweza hata kumuuliza Mama mwenyewe kama chai inamfaa, lakini nilimwonea haya.

Kumbe fizi zake zilishaanza kutoka damu, akawa anaificha kwenye kanga. Siku pua ilipotoka damu isiyokoma ndipo tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza anakunywa nini zaidi ya dawa. Nikaitaja ile chai, kiganja kizima, asubuhi na jioni.

Tuliambiwa karafuu nyingi zinaweza kuizidishia nguvu ile dawa, damu ikashindwa kuganda. Nilitamani ardhi inimeze.

Jana mke wangu alimuuliza mama yake mbona hakusema. Akajibu kwa sauti ya chini, "Sasa ningeikataaje chai ya mkwe wangu?"

Tangu hapo situlii dukani, situlii nyumbani.

Wewe unayetaka kumchemshia mtu karafuu, uliza kwanza anameza dawa gani, kisha umuulize daktari. Na kama mtu huyo anakuheshimu sana, usimkabidhi kikombe kabla hujamwambia kwamba anaruhusiwa kukikataa.