Watatu wa Jina Moja

Haji aliponipigia simu kuniambia anataka tukifufue kitabu chetu cha katuni, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Sikuona aibu. Mwalimu mstaafu wa Kasese hapigiwi simu nyingi za namna hiyo.

"Mwalimu, hii kitabu tulikuwa tunagombania pale Kikorongo," alisema. Leo ana malori yake, lakini zamani alikuwa utingo, na dereva akishuka kula, yeye alibaki garini akisoma. "Mpaka sasa watu inaniuliza mwisho iko wapi. Mimi nitatoa karatasi na mashine. Wewe tafuta mtu ya kuchora."

Mtu wa kuchora. Aliyasema kama anayetafuta fundi wa kubadilisha tairi, na mimi nikayapokea hivyo hivyo.

Kitabu chenyewe tulikiita Watatu wa Mlimani. Kilihusu vita vilivyotufukuza kwenye miteremko ya Rwenzori wakati bado tuna miguu ya kukimbilia. Maneno niliandika mimi. Picha alichora rafiki yangu, Mkongo wa Butembo aliyekimbilia Bwera akawa anapaka rangi mabango ya saluni na maduka ya dawa. Tulipiga kopi, tukabana pini, tukauza sokoni Bwera na pale njiapanda ya Kikorongo. Yalitoka matoleo kumi na moja. La kumi na mbili, ambalo ndilo la mwisho, halikutoka. Kwanza rafiki yangu aliugua, kisha akafa, na sasa ni miaka minne tangu tumzike.

Mimi niliamini kilichokipa kitabu umaarufu ni mzaha wangu. Sisi Wakonzo tunapeana majina kwa zamu ya kuzaliwa, na Wanande wa kwao rafiki yangu ni hivyo hivyo. Liite jina la mvulana wa pili katikati ya soko la Bwera, vichwa ishirini vitageuka. Basi askari wangu watatu wote walikuwa wavulana wa pili, na wote jina moja. Afande akiita mmoja, wanaruka watatu: "Ndiyo, afande!" Akimtuma mmoja maji, ama wanakwenda wote ama haendi yeyote. Watu walicheka mpaka machozi, nami nikatembea kifua mbele. Nilisema "kitabu changu". Rafiki yangu nilimtambulisha kama "fundi wa picha", naye amesimama papo hapo, vidole vimejaa wino, anatabasamu tu.

Mchoraji mpya nilimpata mjini Kasese, dada mmoja anayetengeneza kadi za harusi na mabango ya wagombea kwenye kompyuta. Ana mkono mwepesi. Nilimwachia daftari langu la toleo la mwisho, nikaenda zangu nyumbani kusubiri sifa. Siku ya tatu akaniita.

Kwenye kioo cha kompyuta walisimama wanaume watatu wenye vifua vipana, wamefanana kama mayai ya trei moja.

"Hawa siyo," nilimwambia. "Mmoja havui kofia yake ya sufu hata akilala. Mwingine hubeba bunduki bega la kushoto. Na huyu wa tatu kamba za buti zilimkatikia, anafunga kwa nyuzi za mgomba."

"Mzee, hiyo umeandika wapi?"

Nikalichukua daftari nimwonyeshe. Nikapekua ukurasa wa kwanza, wa pili, nikafika mwisho. Hapakuwa na kofia. Hapakuwa na bega wala mgomba. Kulikuwa na jina, na jina, na jina lile lile.

"Sawa, nitaweka kofia na kila kitu," alisema, kwa upole ulioniudhi kuliko matusi. "Lakini hapa mwisho umeandika, 'Alfajiri tulimzika,' halafu jina. Na iko watu watatu na hiyo jina. Gani amekufa?"

Nikamwambia kazi ya mchoraji ni kuchora, siyo kuhoji. Ndiyo, nilisema hivyo, mtu mzima mwenye mvi. Akafunga ukurasa wangu taratibu, akaendelea na kadi ya harusi ya mtu.

Nilirudi nyumbani nimekasirika: na yule dada, na kompyuta yake, na Haji na malori yake. Nikatoa matoleo yote kumi na moja, nikayasoma kama mkaguzi. Nyani haoni kundule. Nilipoandika "walivuka mto," maneno mawili tu, rafiki yangu alichora mwenye bunduki ya kushoto amemshika mwenzake ukosi wa shati asichukuliwe na maji. Nilipoandika "walikula," alimchora mwenye kofia akimsogezea kikongwe kiazi chake. Watu waliucheka mzaha wangu wa jina, lakini walikuwa wanaifuata kofia. Kitabu kizima nilikuwa nimemtwika yeye, na sikuwahi hata kuuliza kama ni kizito.

Nikajipa moyo kwamba lazima aliacha picha za toleo la mwisho. Asubuhi nikaenda Bwera.

Mjane wake anauza unga wa muhogo karibu na mpaka. Alinifutia kigoda, tukajuliana hali, nikamweleza mpango wa Haji kana kwamba nilikuwa nimekuja kuomba ruhusa. Aliingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki.

Kurasa zote zilikuwamo, zimekamilika kwa wino, isipokuwa ule wa mwisho. Humo lilikuwamo kaburi lililojengewa mawe, na watu wawili wamesimama kando yake. Hao wawili walikuwa mistari ya penseli tu. Mmoja hana kofia, hana bunduki, hana buti. Na wa pili vivyo hivyo. Chini, kwa mwandiko wake, palikuwa na maneno: "Ni nani? Kuuliza mwalimu."

"Mbona hakuniuliza?" nilisema, na sauti yangu ilitoka kali.

"Alikuuliza, shemeji. Alituma mutu kwako mara tatu. Ya kwanza ulisema uko na mitihani. Ya pili ulisema, 'Achore tu, maneno iko.' Ya tatu ulisema vile vile."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka mahali nilipokuwa nimesimama, chaki mkononi, nikimwona mjumbe anasumbua. Nilidhani fundi anatafuta visingizio vya kuchelewa, kama kawaida yake.

"Si angechagua mwenyewe?"

"Nilimuambia. Alikataa. Alisema, 'Mimi najua sura yabo. Nikichagua, nitakuwa nimeua mutu. Mwalimu ndiyo alimuua, aseme yeye.'" Alifunika gunia lake la unga, akanitazama. "Huyo dada achore, haiko mubaya. Bwana yangu hawezi tena. Lakini asichore kaburi ya mutu yenye hamujui. Sasa sema, shemeji. Batatu bale, ni nani alikufa?"

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anataka kujua. Alikuwa ameishi nao nyumba moja wale watatu, miaka yote ile mumewe akiwachora mezani pake, na kwa miaka minne alikuwa anasubiri kuambiwa amlilie yupi.

Nilijaribu. Nikamchukua mwenye kofia, nikakiona kile kiazi. Nikamchukua mwenye bunduki ya kushoto, nikaona ule ukosi. Nikaja kwa yule wa nyuzi za mgomba, nikaona haya, kwa sababu huyo nilitaka kumchagua kwa kuwa namjua kidogo kuliko wenzake.

"Sijui," nilimwambia.

"Basi peleka hiyo bahasha. Ukijua, ukuje uniambie mimi kwanza."

Haji hupiga simu kila siku. "Mwalimu, mashine inangoja! Hii ni katuni, ua moja tu!" Juzi nilimfokea, nikakata. Yule dada nilimwomba radhi, akanivutia kiti, tukakubaliana asiguse kitu mpaka nimletee mtu kamili, siyo jina.

Sasa nina daftari jipya. Naandika nani anakula haraka, nani anaongea usingizini, nani anafungaje buti na kwa nini hajatafuta kamba nyingine. Kazi hii inaniudhi. Mkono unauma, nafuta zaidi kuliko ninavyoandika, na nina hasira na rafiki yangu kwa kufa kabla hajanitukana inavyostahili. Nimejaza kurasa tisa. Bado hajafa mtu.