Kungoja Mpira Unyooke

Karibu na ninapoishi sasa kuna uwanja wa mazoezi ya gofu. Wachezaji wanaojua kwamba niliwahi kuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji, huniuliza kama inafaa kununua ile fimbo kubwa ya kuanzia ambayo shingo yake hurekebishwa kwa spana. Ni ghali, na wengi wao hucheza mara moja kwa wiki. Huwajibu kwamba kama mpira wako hukosea kwa njia ileile kila siku, mtafute anayejua akupime, akufungie mara moja, kisha usiiguse tena. Kama leo unakwenda kulia na kesho kushoto, hakuna spana itakayokusaidia, maana kinachobadilika ni wewe. Lipia mafunzo. Wengi hulisikiliza jibu hilo kwa adabu, kisha hununua fimbo.

Jibu hilo nilikuwa nalo tangu ujana. Nilikuwa nalo hata Riyadh, nilipoulizwa na mtu aliyekuwa na haki ya kuambiwa ukweli, nami sikulitoa. Nilidhani ni jambo dogo.

Baada ya kidato cha nne nilibeba mifuko ya gofu kwa miaka sita katika klabu moja ya nyanda za juu, kwetu Kenya. Msimamizi wetu alitufundisha kwamba kedi hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa hasemi jambo lisilohusu mpira. Mchezaji akikasirika, alituambia, hukumbuka sauti ya mwisho aliyoisikia. Sharti hilo liliniingia mwilini. Baadaye niliendesha malori, kisha teksi, na nilipofika miaka hamsini na tatu nikaenda Saudia kuendesha gari la familia moja mtaa wa Al-Malqa, Riyadh. Chumba changu kilikuwa kando ya lango.

Bosi alikuwa mtu wa makamo, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Daktari alimwambia atembee, naye akachagua gofu. Siku ya kwanza nilimpeleka uwanjani nje ya mji nikakaa kwenye gari. Siku ya pili alisema nimsaidie kubeba. Aliponyoosha mkono, nilimpa fimbo iliyofaa kabla hajaitaja. Akanitazama.

"Sadiki, umejulia wapi hii?"

Nikamwambia. Tangu siku hiyo nikawa dereva wake na kedi wake.

Tatizo lake lilikuwa la kawaida. Alianza kuishusha fimbo kwa bega la kulia, kwa pupa, kama mtu anayevuta chini mlango wa chuma wa duka, na mpira ukapinda kulia na kupotelea mchangani. Siku nyingine alijishtukia akauvuta kushoto kabisa. Akanunua ile fimbo mpya. Shingoni ilikuwa na pete yenye namba, na nyuma ya kichwa kulikuwa na kizito kidogo cha chuma cha kusogezwa. Ukigeuza pete, uso wa fimbo huinuka au hufunga kidogo. Ukisogeza kizito upande wa kisigino, yaani karibu na shingo, mpira hupunguza kupinda kulia. Nasema hupunguza, tena kidogo, na kwa mtu anayepiga vilevile kila mara. Bosi hakuwahi kupiga mara mbili sawasawa.

"Kosa liko wapi?" aliniuliza.

Nilipaswa kusema: baba, ni bega. Nilitazama uso wake, ulivyokuwa mwekundu kwa jua na kwa aibu mbele ya rafiki yake, nikasema, "Baba, hii inarekebishika." Nikatoa spana mfukoni mwa begi, nikageuza pete mpaka spana ikalia. Mpira uliofuata ulinyooka. Ulinyooka kwa bahati tu, na mimi nilijua hivyo. Yeye alicheka kwa furaha akaniita profesa.

Nililipenda jina hilo. Sitaficha hilo. Mwanamume wa umri wangu, anayelala kando ya lango, kuitwa profesa mbele ya watu.

Rafiki yake, daktari wa meno, alianza utani. "Leo umekuja na kedi au na fundi wa gereji?"

"Fundi," bosi alisema. "Ungekuwa naye usingepoteza mipira yote ile."

"Mimi yangu naipoteza bure. Yako inapotea na spana juu."

Nyumbani mwao alikuwapo mwanamke kutoka magharibi mwa Kenya, aliyefanya kazi za ndani. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Chakula changu alinipitishia kwenye dirisha la jikoni, na hapo ndipo tulipozungumza, dakika tano tano. Alikuwa mcheshi. Nikirudi kutoka uwanjani huwa ngozi imebabuka, naye husema, "Mzee, umetoka kuchunga mipira ya watu. Imenenepa?"

Siku moja hakutania. Alisema mama yake ameugua koo, hamezi tena chakula, anakunywa uji mwepesi tu. Ndiye aliyemlelea mtoto wake. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi saba, na bila ruhusa ya kafili, mwajiri aliyekudhamini, hakuna anayetoka nchini.

"Madam ameniambia niulize baba," alisema. "Na baba mimi simsemeshi, unajua nyumba hii. Wewe uko naye kwa gari, uko naye huko kwa nyasi. Niombee wiki tatu tu, halafu nitarudi. Hata mshahara wasinipe."

"Nitamwambia, mama. Lakini nitafute siku nzuri."

"Siku nzuri ni gani?"

"Siku mpira ukinyooka. Akipiga vibaya huwa haongei mpaka tufike nyumbani."

Alikubali. Alinijua kuwa mtu wa maana mbele ya bosi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemsimulia habari za profesa.

Jumamosi ya kwanza bosi alipiga vibaya. Nikageuza pete. Jumamosi ya pili alipiga vibaya zaidi, kwa sababu sasa alikuwa ameanza kujilinda na ule upindo nami nilikuwa nimeifunga fimbo kupita kiasi. Kila Jumamosi, nikifika dirishani, yule mwanamke aliuliza kwanza, "Umenyooka?" Nami nilisema bado. Alikuwa hajawahi kuona uwanja wa gofu maishani. Lakini baada ya wiki kadhaa alijua habari ya pete na kizito kuliko daktari wa meno.

"Si ulisema kile kichuma ukikipeleka kisigino kinasaidia?"

"Nimekipeleka."

"Na namba?"

"Nimerudisha ile ya mwanzo."

"Basi jaribu zote mbili pamoja, Mzee. Mama sasa hata uji unarudi."

Nilimsikia. Nilisikia kila neno. Na bado nilichofanya ni kwenda kwenye chumba changu kufikiria namba za pete. Ningeweza kumwambia bosi siku yoyote, tukiwa kwenye foleni ya magari au tukingoja mlango wa gereji ufunguke. Kila nilipotaka kufungua mdomo nilikumbuka kwamba mchezaji aliyekasirika hukumbuka sauti ya mwisho. Niliita hiyo busara. Ilikuwa woga, na chini ya woga kulikuwa na jina la profesa ambalo sikutaka kulipoteza kwa kuomba ombi.

Shule zilipofungwa familia ilihamia Jeddah, kwa mama yake bosi, mtaa wa Al-Nuzha. Wao walisafiri kwa ndege pamoja na yule mwanamke. Mimi niliendesha gari lenye mizigo na begi la fimbo, mchana kutwa, na njiani niliapa kwamba Jumamosi hiyo nitasema, mpira unyooke au upinde.

Jumamosi hiyo ulinyooka. Uwanja wa Jeddah uko karibu na bahari na upepo ulikuwa ukitoka kulia, ukiushikilia mpira wake kila ulipotaka kupinda. Mimi niliona ni upepo. Bosi aliona ni fimbo. Alipiga shimo baada ya shimo kama mtu aliyefunguliwa kamba, na mwisho alikuwa na hesabu ndogo kuliko zote alizowahi kuandika, na kwenye gofu ndogo ndiyo nzuri. Akanipiga begani. Ndani ya gari aliwapigia simu watu watatu, na kila mmoja alimsimulia habari zangu.

Baada ya simu ya tatu akanyamaza, akitabasamu, akitazama nje. Siku nzuri ilikuwa hiyo. Ilikuwa imekaa nyuma yangu kwenye kiti. Nilimwona kwenye kioo. Nikafikiri: nikimwomba sasa, atadhani wema wangu wote wa leo ulikuwa chambo. Nikafikiri: mwache afurahi, nitamwambia kesho. Tukafika nyumbani. Nilimfungulia mlango, akashuka.

Jikoni kwa mama yake bosi hakukuwa na dirisha la kupitishia chakula, kulikuwa na mlango wa nyuma. Yule mwanamke aliufungua kabla sijagonga.

"Umenyooka?"

"Umepinda," nikasema.

Akanipa sahani.

Hiyo ndiyo sentensi ambayo ningetoa miaka yangu yote iliyobaki ili niirudishe mdomoni. Kunyamaza kwangu kote kulikuwa udhaifu, na watu husamehe udhaifu. Hili lilikuwa neno nililolichagua.

Kesho yake haikuwa na nafasi, bosi alikuwa na wageni. Jumatatu alfajiri mama wa yule mwanamke alifariki kwao Kenya.

Madam ndiye aliyemkuta amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi, pasi ikiwa imewaka na nguo ikiungua. Akamwambia mumewe. Saa mbili asubuhi nilikuwa nikimpeleka bosi mjini. Taa nyekundu ilitusimamisha.

"Yule dada anasema mama yake aliugua muda mrefu. Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na hukuniambia?"

Nilikuwa na uongo kadhaa tayari. Sijui kwa nini safari hii nilisema kweli. "Nilingoja siku utakayopiga vizuri, baba. Ili usikasirike."

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, "Sadiki, mimi nikikosa mpira nakasirikia mpira. Nyumba yangu inahusika nini hapo?" Nikamwambia na la bega pia, kwamba fimbo haikuwa na kosa, kwamba sikuwahi kumsaidia hata siku moja. Akapunga mkono. "Bega najua. Mwalimu aliniambia wiki ya kwanza. Mimi napenda tu kurekebisharekebisha. Halas, yamekwisha."

Akatoa simu yake, akafungua mfumo wa vibali wa serikali, akaingiza namba ya ikama, kibali cha ukaazi cha yule mwanamke, ambayo madam alikuwa amemtumia. Taa ilikuwa bado haijawa kijani alipomaliza. Ruhusa ya kutoka na kurudi, miezi miwili. Tiketi aliikata tulipofika ofisini.

Nimewahi kutamani angekuwa mtu mkatili. Ningekuwa na mtu wa kugawana naye lawama.

Jioni hiyohiyo nilimpeleka yule mwanamke uwanja wa ndege wa Jeddah. Alikaa kiti cha nyuma na begi moja mapajani. Tulipita mataa mengi. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Mzee, ile Jumamosi ulinyooka."

Niliendelea kutazama barabara.

"Madam alitusimulia jikoni jioni ile, akicheka. Baba amepiga vizuri, dereva amemtengenezea fimbo. Nikasema moyoni, basi Mzee ameshasema, ananificha kidogo tu, kesho ataniletea habari njema. Niliosha vyombo nikiimba."

"Ulinyooka," nikasema.

"Kwa nini?"

Nilijaribu kueleza. Nilisema habari ya kungoja, ya kutomharibia furaha, ya sharti la makedi. Nilisikia maneno yangu yakitoka, na kila moja lilikuwa jepesi kuliko lililotangulia. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa adabu.

"Baba amenipa miezi miwili," alisema. "Mimi nilitaka wiki tatu. Na nilizitaka akiwa anaweza kunitambua. Kumzika, hata majirani wanaweza."

Tulifika. Niliegesha mbele ya mlango wa abiria wanaoondoka, nikashuka, nikafungua buti ingawa hakukuwa na kitu ndani. Begi lake alilishika mwenyewe. Nikaanza kusema nisamehe.

"Usianze hapa, Mzee, watu wanaangalia," alisema. Kisha, kwa sababu ya umri wangu, aliinamisha kichwa kidogo kama wanavyofanya kwao wakimuaga mtu mzima, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Hakurudi. Miezi miwili ilipita, madam akaleta mwingine kutoka nchi nyingine. Namba yake ya Kenya niliipata kwa mtu, nikaipiga mara mbili. Mara ya kwanza ilipokelewa na mtoto aliyesema mama yuko shambani. Mara ya pili ilipokelewa na yeye mwenyewe, akasema haloo, akasema haloo tena, akauliza ni nani. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga wiki nzima. Nilingoja yakae sawa mdomoni, na nilipokuwa nikingoja akakata.