Koni Tuliyoiacha Mgeta

Siku yangu ya kwanza kwenye mtambo wa kuchimba visima sikupewa spana, nilipewa tambara. Darasa la nne sikulimaliza, lakini Fundi Mkuu hakuuliza cheti. Alinionyesha biti, kile kichwa cha chuma chenye koni tatu za meno zinazosaga mwamba.

"Shingoni mwa koni kuna sili, pete ya mpira. Chenga za mwamba zikiipita, beringi imekufa, na koni itaangukia shimoni. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Hujaelewa. Futa."

Nilifuta biti miaka miwili ndipo nikaruhusiwa kuendesha. Sheria ilikuwa hii: usizime upepo wa kompresa biti ikiwa chini. Inua kwanza, puliza mpaka chenga zote zitoke juu, kisha zima, uunge bomba jingine. Ukizima mapema chenga zinashuka na kujishindilia kwenye sili.

Nilipokuwa fundi wa zamu tulipelekwa Mgeta, kijiji cha juu ambako akina mama walishuka bondeni kuteka maji. Mama Koleta, aliyetupikia, aliuliza kila asubuhi, "Baba, leo tunakunywa?"

"Bado, mama. Karibu."

Kweli ilikuwa karibu. Siku ya nne chenga zilianza kutoka na unyevu. Lakini dizeli ilikuwa inaisha, na Msimamizi, kijana wa chuo, akanijia juu. "Mzee, unapuliza shimo kama uji wa mtoto? Zima, unga bomba, tushuke."

Nilijua, nikazima. Mabomba matatu niliunga hivyo. Kwenye la nne mtambo ulitetemeka, ukakwama. Tulipovuta, biti ilitoka na koni mbili tu.

Siku mbili tulijaribu kuivua ile ya tatu kwa sumaku, haikutoka, na biti haisagi chuma. Shimo likazibwa kwa zege.

"Mbona mnafunga, baba?" Mama Koleta aliuliza.

"Mwamba mgumu, mama."

Msimamizi naye aliandika hivyo hivyo kwenye ripoti: mwamba wa pale hauchimbiki. Akanisogezea kalamu. Nikasaini.

Sasa nimestaafu, nakaa Msamvu. Visima vyangu vingi vinatoa maji, na sioni haya kujisifu. Ila Mgeta mtambo haujarudi tena. Kila wanakijiji wakiomba, ofisi inafungua ile ripoti, inasoma, inaifunga. Sahihi ni yangu, na akina mama bado wanashuka bondeni.