Mizani ya Bi Masika

Kati ya maneno yote aliyolazimika kuyasema dukani, hakuna lililomwia Levina gumu kama "hatupimi". Mara kwa mara mtu alitoka Itetemia, nje kidogo ya mji, kwa miguu, kopo mkononi, akaomba sukari robo. Levina, ndani ya fulana nyekundu yenye jina la duka kifuani, alimjibu: hatupimi, chukua pakiti pale rafuni. Baadhi walicheka wakidhani anatania. Wengine walimtazama kama mtu aliyemnyima jirani moto.

Kilichomuumiza ni kwamba walimjua. Kabla ya rafu na vikapu vya plastiki, kwenye pembe ileile ya mtaa wa soko mjini Tabora, palikuwa na duka la Bi Masika, na Levina ndiye aliyewapimia. Alikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, kashuka kwenye treni kutoka Kigwa na kifurushi cha nguo, na hiyo ikawa kazi yake ya kwanza. Bi Masika, mama wa Kiarabu mwenye maneno machache, alimkabidhi kijiko kikubwa cha bati na kumsimamisha mbele ya mizani ya shaba.

"Kwenu mkubwa akipita mnamwamkiaje?"

"Tunapiga goti, Bi."

"Basi na sahani ya mteja ipige goti. Ikilingana na jiwe tu, kesho utamwona dukani kwa Saidi ng'ambo ya barabara, na wewe nitakurudisha Kigwa."

Levina akajifunza. Alimwaga sukari mpaka sahani ikalingana na jiwe, kisha akaongeza kidogo, na sahani ikainama taratibu, kwa adabu. Alijifunza kukunja gazeti likawa pakiti isiyovuja hata bila uzi. Mpaka leo akinusa mchele wa Igunga na sabuni ya mche kwa pamoja, humjia sauti ya Bi Masika ikimwita akanywe chai ya tangawizi kabla haijapoa. Hakuna kazi aliyoipenda kama ile. Aliiacha alipoolewa, na Bi Masika alipofariki alilia kama mtoto wa nyumba ile.

Mwaka jana Murtadha, mtoto wa marehemu aliyelirithi duka na kuligeuza la kisasa, alimfuata Itetemia, kwenye genge lake la nyanya na vitunguu. Utotoni mwake Levina alikuwa amembeba huyu mgongoni, na alizoea kumtoa juu ya magunia alipopitiwa na usingizi.

"Dada, wateja wa mama wanakujua wewe," alisema. "Njoo. Nitakupa kona yako, uwe unapima."

Kwa ajili ya kona hiyo Levina alifunga genge. Kona haikuja. Akiuliza, jibu lilikuwa baada ya Idi, au mafundi wakirudi. Siku hizi lilikuwa "tutaona, dada", na anayelitamka yuko kwenye simu.

Ndipo asubuhi moja akaikuta mizani mlangoni. Moyo ukamruka. Akasogea, furaha ikamwishia njiani. Ilikuwa imepakwa rangi ya dhahabu mpaka kwenye minyororo, sahani zimefungwa kwa waya, na ndani yake kumejazwa maua ya plastiki; mawe yake ya kupimia yamepangwa pembeni.

"Pambo hilo," Murtadha alisema. "Watu wanapenda vitu vya kale. Watapiga picha."

"Na kona yangu?"

"Tutaona, dada."

Waliopiga picha walikuwa wachache. Waliokuja na makopo walikuwa wengi, maana habari ilikwenda upesi kwamba mizani ya Bi Masika imerudi. Siku nzima Levina alirudia "hatupimi", na sasa alionekana mwongo, maana mizani hiyo hapo, inang'aa. Jioni Murtadha alimpa kalamu ya wino mzito na kipande cha boksi. "Mwandiko wako mzuri. Andika: Pambo tu, hatupimi."

Aliandika. Akabandika. Kesho yake bibi Recheli, mteja wa tangu enzi zile, akaingia, akaweka kopo lake chini ya tangazo lenyewe, akasimama.

"Shikamoo bibi. Wameandika hapo, hatupimi."

"Marahaba. Mimi na maandishi tumejuana lini? Nipimie robo."

"Bibi, nimesema—"

"Levina wa Masika! Umeshiba, eti? Au fulana ndiyo inayokubana?"

Wateja wakacheka. Levina hakucheka. Alikwenda rafuni, akachukua pakiti ya kilo, akailipia mwenyewe kwenye kaunta. Akang'oa maua, akafungua waya kwa meno ya uma, akaweka jiwe la robo upande mmoja na kuanza kumwaga sukari upande wa pili. Sahani haikutikisika. Akaongeza. Haikutikisika. Alimwaga mpaka sukari ikafanya kichuguu, mizani imesimama kama askari.

"Endelea mwanangu," alisema bibi Recheli, uso umemnawiri. "Masika mwenyewe hakunipimia hivi!"

Murtadha akatoka nyuma ya kaunta. "Dada, unanitia aibu. Hiyo kitu ilishakufa."

"Haijafa. Umeipaka rangi mpaka kwenye viungo."

"Basi ichukue! Ichukue, nipumzike na hayo mambo ya kupima."

Alisema kwa hasira tu, lakini Levina alikwishasikia. Sukari yote akaimimina kwenye kopo la bibi. Akaivua fulana nyekundu aliyoivalia juu ya gauni lake, akaikunja vizuri kama gazeti la enzi zile, akaiacha juu ya kaunta, akaibeba mizani na mawe yake mpaka Itetemia.

Genge alilikuta limeshaota majani mlangoni. Aliketi na kisu kikuukuu na kitambaa cha mafuta ya taa, akakwangua. Dhahabu ilitoka kwa shida, vipande vidogo vikimwingia kwenye kucha. Alipochoka aliweka jiwe la robo, akajaribu. Sahani ikasogea kidogo, ikakwama.

Akasonya, akachukua kisu tena.