Alichokitaka Bi Shaikha

Mume wangu Soud anakimbia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ambalo Ibra nzima, mji wetu huku Omani, inamjua nalo. Kazini, kwenye idara moja ya serikali, ni mtu wa mihuri na mafaili, hana makuu. Lakini kila alfajiri, akitoka msikitini, huvua dishdasha, kanzu yake, akavaa fulana na suruali ya kufunika magoti, akashika njia ya Sufala mpaka upande wa pili wa wadi, bonde la mto mkavu, na kurudi. Kilomita tisa. Ana miaka arubaini na sita na goti la kushoto linalolia kama mlango wa stoo. Hajawahi kushinda chochote. Mwaka mmoja alikwenda kukimbia mashindano mlimani, Jabal al Akhdar, akamaliza nyuma ya mzungu mmoja mzee na mbele kidogo ya gari la wagonjwa, akarudi na medali ya bati inayoning'inia kwenye kioo cha gari mpaka leo.

Mimi sikimbii. Naitwa Rahila, watu wetu walitoka Bujumbura, na jioni yangu ni ya tamthilia za Kihindi zilizotiwa sauti za Kiarabu. Nakaa na chai yangu, mama mkwe mbaya anakunja uso, ngurumo inapiga, kamera inamrudia kila mtu usoni mara tatu. Soud akipita huguna.

"Mtu gani huyu," husema, "anakimbia kutoka nyumbani mpaka stesheni ya treni, hatoki jasho, nywele ziko vile vile, na akifika ana pumzi ya kuimba! Hebu tazama anavyoweka mguu. Goti lile lingekwisha siku ya kwanza."

Nilikuwa nikicheka. Nilidhani ni maneno ya mkimbiaji tu, mtu anayepima dunia nzima kwa viatu. Ilinichukua miaka kujua kwamba chuki ile alikua nayo, na kwamba mwenyewe ilikuwa inamuuma.

Mama yake, Bi Shaikha, alizaliwa Unguja mjini, Mkunazini. Zama zao, kabla ya mapinduzi, sinema ilikuwa na siku yake ya wanawake, na mabanati wa mtaa mzima walikwenda na mabuibui yao kutazama picha za Kihindi, wakalia mpaka leso zikalowa, wakarudi nyumbani na nyimbo. Bi Shaikha alizishika zote. Maneno alijifunza kwa kuvizia: mtu akilia anasema hivi, akiwa na kiu anasema hivi, akimwita mama yake anasema hivi. Alipofika Ibra miaka ya sabini, hajui hata kuomba chumvi kwa Kiarabu cha huku, alifika na masanduku mawili na nyimbo zile. Akianika nguo uani, anaimba.

Soud alizaliwa hapa hapa. Watoto wa jirani wakisikia sauti ya mama yake juu ya ukuta, wakamwita mtoto wa Muhindi. Siku moja, ana miaka kumi na miwili, alisimama uani akamwambia, "Mama, nyamaza. Watu wanasikia."

Akanyamaza. Nilipoolewa nikamkuta mama mkwe mpole asiyeimba kitu, mpaka nilipogundua kwamba kila alfajiri, mwanawe akishatoka mbio, huimba saa nzima akipika chai, na akisikia viatu mlangoni hukata katikati ya neno. Tuliliweka siri hilo, mimi na yeye, miaka ishirini na mbili. Nami sikuwahi kumwuliza hata neno moja maana yake.

Mwaka huu mwezi wa Februari akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Kiarabu, alichokipata mwisho, kilikwenda kwanza. Kiswahili kikabaki vipande vipande: "hapana", "njoo", "mama yangu wee". Majina yote yakafutika. Mimi aliniita "we dada". Soud yeye hakuitwa kitu.

Na Soud alitaka kitu kimoja tu duniani, aitwe jina lake. Kila alfajiri alikuwa akirudi na jasho lake, anapiga magoti pembeni ya kitanda. "Shikamoo, mama. Mimi nani?" Bi Shaikha anatazama dari. "Sema, mama. Mimi nani?" Nilimwambia mwache mwanamke wa watu, huu si mtihani wa skuli. Akaenda bafuni akafungulia bomba ili nisimsikie akilia. Nilimsikia. Kesho yake alikimbia kilomita kumi na nne, na wiki iliyofuata kumi na saba, mpaka goti likavimba. Nikimwuliza anakimbilia nini, anafunga kamba za viatu.

Daktari alikuwa ametuonya: maji matupu asipewe, yatamwingia kwenye mapafu. Tukapewa unga wa kuyafanya mazito. Ukikoroga, maji yanakuwa kama ute wa bamia. Bi Shaikha, mwanamke aliyekuwa akifukiza vikombe ubani kabla ya kutia maji ya kunywa, alikuwa anayatema. Mwisho akawa anafunga mdomo kabisa. Tukasema hana kiu. Wallahi, ndivyo tulivyosema.

Hapo ndipo neno lilipoanza. Alhamisi asubuhi alimshika Soud mkono, kwa nguvu, kwa mara ya kwanza tangu augue, akasema, "Pani."

Soud aliganda. "Nini, mama?"

"Pani. Pani."

Meno hana, ulimi mzito. Soud alinigeukia, macho yamejaa. "Pwani," akasema. "Anataka pwani, Rahila. Anataka kuiona bahari."

Nani asingesikia hivyo? Mtu wa Unguja, miaka hamsini mbali na kwao, yuko ukingoni, anasema pwani. Mimi mwenyewe nililia. Nilimpigia simu wifi yangu Tahira kule Nizwa, naye akalia, akasema mpelekeni, mpelekeni upesi msije mkajuta. Siku ile na Ijumaa yake nyumba nzima ilikuwa na jambo. Soud alitafuta kiti cha magurudumu cha kukunja, akalifuta gari vumbi. Na Bi Shaikha kila akiamka, "Pani, pani," sauti inazidi kupungua, na Soud anambusu mkono, "Inzain, haya mama, Jumamosi, inshallah. Pwani. Nakuahidi."

Binti yetu Abeer, anayesoma chuo hapa Ibra na ambaye Kiswahili chake nakipenda kilivyo, alisimama mlangoni akasema, "Mama, mdomo ya bibi kavu sana."

"Mpake mafuta," nikamwambia. Akampaka.

Jumamosi tukaondoka mapema. Kutoka Ibra mpaka Sur, mji wa baharini, ni mwendo wa karibu saa mbili, jangwa kushoto na kulia, ngamia na vibanda vya chai. Soud alizungumza njia nzima, mtu ambaye huwa hasemi. Alimweleza mama yake habari za bahari utadhani ndiye aliyeiumba. Nilimwona kwenye kioo, uso wake una furaha ya mtoto, nami nikamwomba Mungu, Bi Shaikha amwite jina leo, mara moja tu, amalizane naye.

Tulimteremsha kwenye njia ya matembezi ya ufukweni, bahari mbele yetu, upepo mzuri. Soud akachutama. "Hii hapa, mama. Pwani."

Bi Shaikha akaitazama bahari. Yale maji yote. Akalia bila machozi. Akainyooshea mkono wake mzima akasema, "Pani! Pani!" kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Soud anacheka na kulia, "Ndiyo, mama, ndiyo," ananitazama, ona, ona amefurahi.

Karibu yetu alikuwapo mfagiaji mmoja, Muhindi mtu mzima mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa. Akaacha kufagia. Akamtazama Bi Shaikha, akatutazama sisi, akasema kwa Kiarabu chao kile cha kuungaunga, "Arbab, mama hadha yibgha moya." Bwana, mama huyu anataka maji.

"Nini?" akasema Soud.

"Pani," akasema yule mtu. "Hindi. Pani, moya." Akaweka kidole gumba mdomoni kama anakunywa. "Mama na kiu sana, arbab. Anaomba."

Sijui nieleze vipi. Mimi nimetazama tamthilia za Kihindi miaka kumi na mitano, najua harusi zao, sari zao, sumu wanazotiliana kwenye maziwa, na sikujua wanaitaje maji, kwa sababu kwenye seti yangu wote wanasema Kiarabu. Na Soud, mtoto wa mwanamke aliyekuwa akiimba neno lile uani kwao, alikuwa ameziba masikio toka ana miaka kumi na miwili. Siku mbili mama anaomba maji na sisi tunamwahidi safari.

Soud alikwishakimbia. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara, mbali, pale penye pampu ya petroli. Miaka yote hii nimemwona akitoka na akirudi, sikuwahi kumwona akikimbia hasa. Alikusanya dishdasha kiunoni, ndala zikamtoka, goti linamwangusha upande, mdomo wazi, gari zinampigia honi. Ilikuwa vibaya kumtazama. Alirudi na chupa, hawezi kusema, hawezi kuifungua, ikabidi mfagiaji aifungue. Nikamwambia daktari alikataza. Akaniambia, "Khalas, Rahila. Basi." Akatia maji kwenye kile kifuniko, akamtonesha, tone moja moja. Bi Shaikha alikunywa macho yamefumba.

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja hospitali. Walimtundikia dripu. Daktari alisema maji yamemwishia mwilini na mafigo hayafanyi kazi, na kwa umri wake tusitegemee mengi. Soud aliuliza, "Kama angeletwa Alhamisi?" Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, akashughulika na karatasi zake.

Mbio ziliisha. Viatu vilibaki Ibra mlangoni. Soud alikaa pale kwenye kiti siku sita, na kitu pekee alichofanya ni kumfuata muuguzi mmoja wa Kihindi, dada wa watu ana kazi zake, kumwuliza maneno. Maumivu wanaitaje? Baridi? Njaa? Aliyaandika kwa herufi za Kiarabu nyuma ya bahasha ya hospitali na kuyasoma akizunguka ukumbini, mtu mzima na ndevu zake, anarudia kama mtoto wa chuo cha Kurani. Yule muuguzi akamwambia, ukimwita mama kwa heshima unasema "maa-ji".

"Maji?" akauliza Soud.

"Maa-ji."

"Maji, pani," akasema Soud, akacheka kicheko kimoja kibaya. Mama maji, maji maji. Nilimshika bega.

Mimi nilimwambia ukweli siku ile, maana sikuona tena siri inamfaa nani. Nilimwambia kwamba mama yake hakuacha kuimba, alikuwa anangoja atoke. Nilidhani litamfariji. Aliikunja ile bahasha, kisha akasema, "Ina maana alikuwa anafurahi nikiondoka."

Siku ya sita, baada ya adhuhuri, Bi Shaikha alifumbua macho, meupe, safi, hayakuwa yale ya kutazama dari. Tulikuwa tumeshaambiwa kwamba hiyo hutokea, na baada yake nini hufuata. Daktari alikuwa amekwisha kuruhusu maji kwa kijiko, hakuna tena cha kuchunga. Soud akasimama haraka, bahasha ikamwanguka, akajaza kijiko. Akainama, akasema kwa makini yote ya dunia, kila neno mahali pake:

"Maa-ji. Pani."

Bi Shaikha alimtazama. Akamtazama ndevu, akamtazama mkono. Kisha akanigeukia mimi, na Kiswahili kikamtoka kizima, cha Mkunazini, bila kukwama:

"Na huyu Muhindi nani?"

Nilitaka kusema. Mwanao, Bi Shaikha, huyu ni Soud, mwambie jina lake kwa ajili ya Mungu. Soud alinizuia kwa kichwa. Kijiko bado amekishika.

"Nimekuja kukupa maji, bibi," akasema.

Akafungua mdomo. Alikunywa vijiko vinne, polepole, Soud anamfuta kidevu kila baada ya kimoja. Aliposhiba alimgusa mkono, kama mtu anavyomgusa mgeni aliyemfanyia hisani njiani.

"Ahsante, baba," akasema. "Mungu akuwekee mama yako."

"Amin," akasema Soud.